Karatasi za Nyokabi

Chuo cha Harlowby, Uingereza
7 Oktoba 1956

Kwa Shemeji Wamalwa,

Salamu zangu zikukute ungali na meno yako yote na hasira zako zote, maana bila hivyo viwili sitakutambua. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia hata kwenye usingizi. Msalimie mkeo na wale wavulana wako watatu. Msalimie dada yako, mke wangu Nekoye, na umwambie sijaoa Mzungu; hawanitaki. Na msalimie binti yangu Nyokabi. Nilimwacha na miaka minne akitafuna muwa mlangoni pako, na sasa anayo minane. Desturi yetu unaijua: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na baba humwita mama. Mama aliyenizaa alikufa mwaka wa 1941, lakini kwa ajili ya mtoto huyu sijawahi kuwa yatima.

Miaka minne hukupata mstari mmoja kutoka kwangu. Nilikwenda Kampala Septemba 1952 kutafuta mpiga chapa wa kitabu changu, nyimbo mia tatu za kazi nilizokusanya kwa wapasua mbao wa Elburgon na wachuma maua ya pareto wa Bahati. Mwezi uliofuata Hali ya Hatari ikatangazwa, shule niliyokuwa nikifundisha ikapigwa kufuli, na kila Mkikuyu aliyerudi kwa treni alishukia mikononi mwa polisi. Nikabaki Kampala nikijificha kwa jina la mtu mwingine. Barua yangu ingewaletea balaa tu.

Sasa sikia jambo lenyewe. Padri mmoja aliniombea nafasi hapa. Kuna watu wanaoitwa Kamati ya Wasomi Waliopoteza Makao. Wanamchukua mwalimu au msanii aliyefukuzwa kwao na vita, wanampa chumba, chakula, meza na maktaba kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu, kama kwamba vita navyo vina kalenda. Siku ya kwanza walinipa karatasi yenye swali: "Nini kilikuondoa kwako?" Nikaandika: serikali yenu. Katibu wao, Bi Aldwick, mwanamke mpole mwenye sauti ya kitambaa, akaniomba niandike "ghasia." Nikamwambia ghasia haijui kupiga kufuli. Mpaka leo mahali pale pako wazi.

Juzi walinitaka niwaimbie. Nikawaimbia ule wimbo wa wachuma pareto, unaomwombea Mzungu mwenye shamba tumbo la kuendesha mpaka Krismasi. Walipiga makofi, mama mmoja akafuta machozi. Akasema ni sala nzuri.

Lakini wana jambo moja jema, nalo ndilo nakuandikia. Mke wa msomi na watoto wake wanaweza kuja, na Kamati inalipa nauli ya meli. Wanachotaka ni cheti cha ndoa, na cha mtoto kinachoonyesha kwamba baba yake ni mimi. Vifike kabla ya tarehe 31 Januari. Nenda kwa padri, nenda ofisini, wasumbue. Sijakuomba kitu tangu nilipokuomba dada yako.

Shemeji yako,
Kinyanjui


Nyumba za Reli, Nakuru
11 Novemba 1956

Shemeji,

Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi nyingi kuliko uliyotia wewe. Kwa hiyo walionitangulia kuisoma nawasalimu pia.

Sisi tuko. Mama watoto anakohoa kwa sababu ya vumbi jeupe la ziwa, mwaka huu limekuja mapema. Mimi bado niko karakana, nafunga na kufungua injini zilezile. Nekoye anashona mashati kwa cherehani ya kuazima. Barua yako aliisoma mara moja, akaiweka, akaenda kuteka maji na ndoo zilikuwa zimejaa. Binti yangu Namalwa yuko darasa la pili na ni wa kwanza kwa hesabu. Akikosa moja hali chakula. Elburgon mashine za mbao zinalia kama zamani, ila wapasuaji ni wageni. Nyimbo zako sasa zinajulikana na wewe peke yako.

Sasa nina neno juu ya salamu. Wewe unasalimu kama karani anayeita majina. Punguza. Andika "wasalimu wote" na sisi tutagawana. Nakuomba jambo hili kwa uzito, Shemeji, si mzaha.

Juu ya karatasi: ofisini kuna karani mpya, wa zamani amehamishwa, na padri yuko safarini. Mambo haya si ya kukimbilia. Halafu niambie, huo mwaka mmoja ukiisha, msomi hupelekwa wapi? Hukuandika.

Kaa salama na uvae soksi.
Wamalwa


Harlowby
9 Desemba 1956

Shemeji Wamalwa,

Wasalimu wote. Haya, nimeandika, umefurahi? Ng'ombe ndio husalimiwa kwa jumla. Watu wana majina. Kwa hiyo nasalimu upya: Nekoye, mke wangu. Nyokabi, binti yangu, Nyokabi wa Kinyanjui, mjukuu wa Nyokabi. Kama karatasi ingekuwa kubwa zaidi ningeliandika mara mia.

Na huyo Namalwa ni nani? Nilipoondoka hukuwa na binti. Mtoto wa darasa la pili hazaliwi kwa miaka minne. Kama umeoa mke wa pili aliyekuja na mtoto, hongera, lakini usinijazie barua kwa hesabu zake wakati nakuuliza juu ya wangu. Umeniandikia ukurasa mzima na jina la mwanangu hukulitaja. Kwa nini? Hukulitaja hata kwa bahati mbaya.

Huku mambo yamebadilika. Warusi wameingia Hungaria kwa vifaru, na wasomi wa kule wamekimbia, na saba wamefika chuoni. Nilikwenda stesheni kuwapokea. Mmoja ni mpiga fidla, alikuja na fidla bila sanduku, ameifunga kwa blanketi kama mtoto mchanga. Nilimpa skafu yangu. Sina neno nao. Kidonda ni kidonda. Neno langu ni kwa wenyeji wetu. Mji mzima umefungua milango, maaskofu wanalia hadharani, magazeti yanapiga picha. Hakuna aliyemuuliza mpiga fidla kama huko kwao labda kulikuwa na ghasia. Kifaru cha Mrusi ni udhalimu, lori la Mwingereza ni utaratibu. Nilimwambia hivyo Bi Aldwick mbele ya mgeni, na yeye akanieleza kwa subira kwamba hawa ni wakimbizi kamili, na mimi ni… alitafuta neno, akalipata: mimi ni jambo lenye utata.

Kwa hiyo usinichezee na hadithi za karani mpya. Umeizoea injini ya Mzungu mpaka unadhani kila kitu kinangoja filimbi yake. Au ni kwamba dada yako anapika vizuri na hutaki aondoke? Tarehe ni 31 Januari. Kamati ina mambo mengi na haitangoja.

Kinyanjui


Nakuru
2 Januari 1957
Kwa mkono wa Kiptanui

Shemeji,

Anayekuletea barua hii ni Kiptanui, mtoto wa seremala wa Rongai, anakwenda huko kusomea ualimu. Anapanda meli Mombasa wiki ijayo. Hii haikupita posta, ndiyo sababu naweza kusema. Soma, choma, na usinijibu haya kwa posta hata kwa fumbo.

Namalwa ni Nyokabi.

Aprili 1954 askari walizingira nyumba za Reli alfajiri. Kila Mkikuyu alipandishwa lori kupelekwa rizavu, nchi waliyotengewa Wakikuyu, mume, mke, mtoto wa mgongoni. Dada yangu ni Mbukusu, walimwambia abaki. Mtoto wakasema ni wa baba yake, apande. Alikuwa na miaka sita hata haijatimia. Kule kwenu walikuwa wakiwafungia watu katika vijiji vyenye uzio wa miti iliyochongwa, na wewe hukuwapo kumpokea. Nikamshika mkono, nikamwambia askari: huyu ni wangu, anaitwa Namalwa. Wiki hiyo padri akambatiza tena, nami nikaapa mbele ya afisa na kutia sahihi kwamba ndimi niliyemzaa. Hizo ndizo karatasi zilizopo. Nikiziomba nyingine, nakiri kwamba niliapa uongo. Mimi nitafungwa, hilo nitalistahimili. Lakini yeye atapandishwa lori lililomkosa.

Ndiyo maana nilikuomba upunguze salamu. Hukupunguza. Barua yako ya Desemba imeniita ofisini. Namshukuru Mungu ile ya Oktoba hawakuinakili, na ya hii walinakili salamu tu; afisa alikuwa nazo mezani, amepiga mstari mwekundu kwenye kila Nyokabi. "Huyu binti wa Kinyanjui yuko wapi?" Nikamwambia: bwana, hana binti. Nyokabi ni mama yake mzee anayekaa na jamaa zetu Bahati, na Wakikuyu ndivyo walivyo, mama akizeeka humwita binti, kwa heshima. Shemeji, uongo huo niliupindua kutoka kwenye desturi yako mwenyewe. Akavutiwa! Akatoa daftari lake la mila za makabila, akaandika, akaniuliza kama ni kwa ukoo mmoja au kwa wote. Nikasema kwa wote.

Najua utasema nimemuua mama yako mara ya pili. Kabla hujasema, kumbuka kwamba Kampala uliokolewa na jina la mtu mwingine, na hakuna aliyekuita muuaji. Acha tarehe 31 ipite. Na kama una ubishi, ubishane na huyu anayetaka kalamu.

Wamalwa

Baba Nyokabi, mimi Nekoye. Ninyi wawili mnagombania jina, lakini niliyelitoa kinywani mwa mtoto ni mimi. Miezi mitatu. Nilimwita la zamani ghafla, akiitika namfinya. Nikamwita la mpya, akiitika nampa kipande cha sukari guru. Mikono ilikuwa na alama, akauliza amekosa nini. Mwezi uliopita tulikuwa wawili tu jikoni, nikamwita la mama yako taratibu, nikitaka kujua. Hakugeuka. Nilifurahi, halafu nikaketi chini. Usiniandikie juu ya jambo hili. Nimeshakwisha kulia.


SIMU KWA WAMALWA KARAKANA YA RELI NAKURU
21 JANUARI 1957
SIKU KUMI ZIMEBAKI KARATASI ZA BINTI YANGU NYOKABI ZIKO WAPI JIBU KWA SIMU KINYANJUI


Nyumba za Reli, Nakuru
4 Februari 1957

Mpendwa Shemeji,

Kwa huzuni kubwa nakuarifu kwamba mama yako mpendwa, Nyokabi, amefariki tarehe 1 Februari kwa homa ya mapafu. Aliugua siku tatu. Tumemzika huko Bahati, padri alikuwepo, mvua ilinyesha kidogo. Kwa hiyo karatasi ulizoziulizia kwa simu hazihitajiki tena, na hakuna haja ya mtu yeyote kuziulizia.

Mungu akutie nguvu. Hakuteseka.

Wako katika msiba,
Wamalwa


Harlowby
10 Machi 1957
Kwa mkono wa mwanafunzi anayerudi nyumbani

Shemeji,

Salamu kwako. Nimepata barua ya msiba. Ilifika tarehe 13 Februari.

Nilimlilia mama yangu siku kumi na sita. Siku ya kwanza nilikwenda kwa Bi Aldwick nikamwambia. Alilia kabla yangu. Alitoa faili, akalifuta jina la mtoto nililokuwa nimeliandika mwenyewe Oktoba, akanitengenezea chai. Wake wa Kamati waliniletea maua meupe, nami niliyepigana nao tangu nilipofika nikayapokea kwa mikono miwili. Mpiga fidla alikuja akaketi sakafuni mwa chumba changu, hajui Kiingereza wala mimi Kihungaria, akapiga mpaka mlinzi akagonga mlango. Sikula. Nilikuwa nahesabu miaka: minane na miezi.

Tarehe 1 Machi kijana Kiptanui alinitembelea na salamu za Rongai. Suez imefungwa kwa vita, meli yake ilizunguka Afrika nzima. Tangu siku hiyo nimeacha kulia.

Hizo siku kumi na sita sitakusamehe, Shemeji. Mengine tutayazungumza tukionana, kama tutaonana. Lakini hizo ni zangu na wewe hata uzeeni. Mtu hafanyiwi hivyo na mtu wake.

Na mimi nina la kukiri, maana uliniuliza na sikukujibu. Tangu Novemba Kamati ilinieleza kwamba nafasi yangu inaisha 30 Juni, hata kabla ya huo mwaka wao kutimia, na haitarudiwa. Vyumba vinahitajiwa. Nilinyamaza kwa sababu nilijua ukisikia hutatoka kitini. Sasa Bi Aldwick amenijia na habari mpya: wenye watoto wa kuwaleta wataongezewa mwaka wa pili. Ananipenda tangu msiba. Amenipa karatasi nyingine, yenye mahali pa kuandika watoto walio hai, na Kamati itawaulizia kwa serikali ya Nairobi yenyewe, ili kunipunguzia taabu. Iko mezani. Nina mpaka katikati ya Juni. Kila jioni naifungua kalamu na kuifunga.

Kinyanjui


Nakuru
28 Aprili 1957
Kwa mkono wa msafiri

Shemeji,

Hatujambo. Mvua imeanza, vumbi limetulia, mama watoto ameacha kukohoa.

Nilihesabu siku kwa njia ya Suez. Mtu wa reli kukosea ratiba ni aibu, na kosa hili ni langu, silirushi kwa mtu. Lakini simu yako ilisomwa kwa sauti na tarishi mbele ya karakana nzima, na kesho yake afisa alitaka nimwonyeshe huyo mama mzee. Nikamwonyesha kwa namna niliyoweza: barua ya msiba. Alinipa pole, alinipa mkono, na amelifunga faili.

Sasa nawe ulitaka kuwatoa watu hapa uwalete mahali ambapo ulijua wiki nyingi kwamba mlango unafungwa Juni. Ungewalaza wapi? Stesheni, pamoja na fidla? Mimi nilisema uongo kwa askari. Wewe ulimdanganya mkeo. Tuishie hapo, kwa kuwa kila mmoja wetu ana jiwe la kutupa.

Faili lililofungwa ni kaburi. Anayelifukua hatafuti mifupa. Yafikiri hayo unapoifungua kalamu yako.

Binti yangu amekuwa wa kwanza tena.

Wamalwa


Harlowby
23 Juni 1957
Kwa mkono wa mwanafunzi mwingine anayerudi

Shemeji Wamalwa,

Salamu kwako na mama watoto, na kwa dada yako. Msalimie binti yako Namalwa. Mwambie kuna mtu mmoja huku mbali, asiyemjua, aliyefurahi sana aliposikia habari za hesabu zake. Mwache amalize shule, hata wakisema msichana linamtosha darasa la nne. Bishana nao. Kwa hilo wewe unafaa kuliko mimi.

Jumamosi ijayo natoka. Chumba anapewa mpiga fidla. Nimempisha kwa moyo mweupe, nimemwachia na kikombe. Nimepata kazi Birmingham ya kuosha mabehewa, kwa hiyo mwishowe mimi nawe tumekuwa wafanyakazi wa kampuni moja ya moshi. Kitabu cha nyimbo nimekiweka maktaba ya chuo. Wamekipa namba na kukiandika chini ya "Sala na Desturi." Nilianza kugombana na mkutubi, nikaona heri nikafunge mzigo.

Nina neno moja zaidi, nalo ni la tarehe 14.

Bi Aldwick aliniita ofisini. Alifunga mlango, jambo ambalo halifanyi. Akasema, "Bwana Kinyanjui, Kamati inakaa kesho. Nataka sana kukubakiza. Nipe mtoto mmoja tu wa kuandika hapa, wa kwako au wa ndugu unayemlea, na mwaka wa pili ni wako. Nairobi nitawaandikia mimi mwenyewe leo."

Alikuwa ameshika kalamu. Nilimtazama, nikaona kwamba anasema kweli, na kwamba ni mtu mwema, na kwamba barua yake ya wema ingefika Nairobi kwa siku nne.

"Sina," nikamwambia.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akapiga mstari kwenye nafasi ile, mstari mnyoofu kwa kutumia rula, akaukausha wino. Kisha akaniwekea mkono begani, akaniambia kwa huruma ambayo sijaiona kwa Mzungu mwingine, kwamba nisivunjike moyo, mtu asiye na mtoto huanza maisha upya kwa urahisi zaidi kuliko wengine.

Nikasema ni kweli. Nikamshukuru.

Kinyanjui